Mafuta ya Bi Shahamu, Mchana Kweupe

Niseme mapema ili tuelewane: mimi ni msusi, mdomo wangu hauna breki, na mwanamke ninayemsimulia hapa ni jirani yangu. Usitegemee nikae katikati. Siko katikati.

Jina la Bi Shahamu alipewa na wapangaji wa jengo letu, tena kisogoni, kwa sababu ya shahamu ya ng'ombe aliyokuwa akiiyeyusha uani. Walidhani akilisikia ataona aibu. Siku aliyolisikia alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani. Akageuka taratibu, maji yasimwagike, akaitika, "Abee." Tangu siku hiyo hata mgeni akija anajitambulisha mwenyewe: "Mimi Bi Shahamu, nakaa chumba cha mwisho pale karibu na bomba." Sasa mtu kama huyo utamtania vipi?

Zamani alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba za wageni kwa mikono mpaka sabuni ikamla vidole, vikapasuka kwenye maungio, akikunja ngumi damu inatoka. Losheni za dukani alizimaliza zote, za maua na za maziwa, akaambulia harufu tu. Muuza nyama wa pale kona alikuwa akitupa shahamu ya kwenye figo, ile nyeupe inayomeguka mkononi. Akamwomba, akaiyeyusha, akajipaka. Msidhani alipatia mara moja. Sufuria ya kwanza ilinuka supu. Ya pili aliitia majani mabichi ya rozimari, ikaota ukungu. Mwenyewe anasema aliitukana ile sufuria kama mtu aliyemkimbia na mahari, kisha akaisugua akaanza upya.

Kazi yenyewe ina adabu yake. Shahamu haingoji: ng'ombe akichinjwa leo, inapikwa leo, ukiilaza kwenye joto hili imeharibika. Anaikata vipande vidogo, anaitia maji kidogo na chumvi, moto wa chini kabisa, halafu anavuta kigoda anakaa kusikiliza. Maji yakiwa bado yamo, mafuta yanatatarika. Yakiisha, yananyamaza. Anachuja kwa kitambaa, anaacha yagande, anaparuza uchafu uliotulia chini, anarudia tena. Majani, mchaichai na rozimari na mnanaa, yamekwisha kukaushwa kivulini mpaka yanavunjika, na hayaonani na moto hata kidogo. Yanalowekwa kwenye mafuta ya vuguvugu tu. Mwisho anatia nta ya nyuki, mafuta ya alizeti kidogo, anapiga kwa mwiko mpaka yanalainika kama siagi. Ukijipaka hunuki ng'ombe. Lakini upishi unanuka, sikufichi. Unanuka mpaka ghorofa ya juu.

Na hapo ndipo watu wa jengo letu walipoonyesha rangi zao.

Mchana wakipita uani wanakunja pua. "Jamani, harufu gani hii, tunaishi machinjioni?" Giza likianza kuingia, haohao wanagonga mlango wake wa nyuma, mmoja mmoja, kila mtu na chupa yake tupu ya losheni ya dukani, yenye picha ya mwanamke anacheka. Bi Shahamu anajaza. Mtu anarudi nayo chumbani, anaipanga kwenye meza ya kioo, mgeni akija aone chupa ya maana. Kufa na tai shingoni, basi. Mimi saluni yangu iko chini, upande wa barabarani, lakini dirisha langu la nyuma linatazama mlango ule. Nilikuwa nawaona wote. Nesi, fundi umeme, yule binti anayejiita mwanamitindo, wote. Hata mke wa msimamizi wa jengo, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye chaki ilikuwa imemkausha vidole mpaka vinakwaruza karatasi.

Mwenye nyumba akataka kupaka jengo rangi apate wapangaji wa hali ya juu. Msimamizi wake, mtu wa funguo nyingi kiunoni na maneno mengi mdomoni, akatangaza kikao: ajenda ni sufuria ya uani. Ikiondolewa, Bi Shahamu amekwisha. Chumba chake hakina dirisha, ukiwasha jiko humo ndani unajifukiza mwenyewe. Kufua hawezi tena, vile vidole vikionja sabuni ya kufulia vinafunguka upya. Mafuta ndiyo chakula chake, ndiyo kodi yake.

Siku moja kabla ya kikao nilimfuata. Nikamwambia, "Dada, kesho wataje hao wa mlango wa nyuma. Simama hapo, taja mmoja mmoja na chupa yake. Nani atakuwa na uso wa kukufukuza?"

Alikuwa anaparuza sufuria. Hakuinua hata kichwa. "Mdogo wangu, mtu akija kwangu kwa kujificha ana sababu yake. Siwezi kumvua nguo mbele za watu ili mimi nipate pa kuweka jiko."

"Watakufukuza."

"Watajaribu."

Nilikasirika, nisiwadanganye. Nilimwona anajifanya mtakatifu wakati maji yako shingoni. Nikaondoka bila kuaga.

Kikao kikafanyika uani, saa za jua kali. Msimamizi akahutubia kuhusu usafi na hadhi, kisha akasema, "Anayekerwa na harufu hii anyooshe mkono." Mikono ikaenda juu. Nesi, juu. Fundi umeme, juu. Mwalimu alimtazama mumewe kwanza, mumewe akamkazia macho, naye akaunyoosha wake nusu nusu. Basi nikaitazama ile mikono kwenye jua. Laini, inang'aa, haina ufa hata mmoja. Nilicheka kwa hasira mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Bi Shahamu naye aliitazama, mkono kwa mkono, bila haraka, kama fundi cherehani anayeona nguo alizoshona zinapita barabarani. Msimamizi akadhani amelainika, akamtupia mfupa. "Sisi si wakatili, mama. Kuna stoo kule nyuma. Pika humo usiku, mlango ukiwa umefungwa, mtu asijue. Tutakuwa kama hatujui."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Nami nikafikiri, haya, angalau amepata pa kupumulia.

"Hapana," akasema Bi Shahamu.

"Hapana nini?"

"Sipiki kwa kujificha. Nimeiba nini? Hiki ninachopika ni mafuta, na walionunua wanayajua." Pale uani nikaona watu wanaanza kuangalia vidole vya miguu yao. "Uani kwenu naondoka, ni kwenu. Ila msikie vizuri. Kuanzia leo mlango wangu wa nyuma umefungwa. Anayetaka mafuta aje mbele, mchana. Na sijazi tena chupa yenye jina la mtu mwingine. Nimechoka kumfanyia kazi yule mwanamke anayecheka kwenye picha."

Akainamia sufuria. Ilikuwa imejaa shahamu ya asubuhi ile, na nimeshasema shahamu haingoji. Akaipeleka nje ya geti akiwa ameikumbatia. Nikamkimbilia nikamwambia aweke mbele ya saluni yangu, kibaraza kile nakilipia mwenyewe, kina mkataba wake. Msimamizi akanifuata na funguo zake zinalia. "Utapoteza wateja, wewe."

"Wateja wangu nawajua mpaka kichwani," nikamjibu. "Nawe jua mipaka ya geti lako."

Sasa nitasema jambo ambalo sikulitarajia: hakuja mtu. Alipika kila shahamu ilipopatikana, akajaza makopo yake meupe yasiyo na maandishi, akayapanga kwenye kibaraza, na watu wakapita wanatazama mbele kama askari kwenye gwaride. Kiangazi kikaingia, upepo ule mkavu unaonyonya mtu maji yote. Nikawa natazama visigino. Kazi yangu ni vichwa, lakini msimu ule nilitazama visigino tu. Magaga yakarudi. Nesi akaanza kuvaa soksi kwenye jua. Mwanamitindo akapauka kama aliyeanguka kwenye unga. Na bado hawakuja, wote wanamwogopa msimamizi na wanaogopana wenyewe.

Akiba ya Bi Shahamu ikakauka pia. Alikuwa anakula kwangu, na mtu aliyezoea kujilisha hali vizuri kwenye sahani ya mwenzake. Nikamwambia, "Fungua tu mlango wa nyuma kidogo. Nani atakucheka?"

"Mimi," akasema.

Basi nikaacha. Nilikuwa namwonea uchungu, na wakati huohuo nilikuwa naona fahari kukaa naye kibaraza kimoja.

Mchana mmoja saluni imejaa, wengine wamekaa nje wakingoja zamu, geti likafunguka, akatoka mwalimu. Ana kitu amekifunga kwenye gazeti. Akaja moja kwa moja, uso umekauka, akafungua gazeti. Ni chupa ya losheni ya dukani, ileile ya siku zote.

"Shikamoo, dada," akasema. "Nijazie."

"Marahaba. Hiyo sijazi, mwalimu. Chukua kopo langu hapo."

Mwalimu akayatazama yale makopo meupe. Nyuma yake mumewe alikuwa ametoka, amesimama getini, mkono kwenye funguo. Mwalimu hakugeuka, lakini alijua. Sote tulijua. Kopo jeupe lingeingia kwake, lingekaa juu ya meza yake, na lingetupwa dirishani kabla jua halijazama. Nikamwona anafikiri hilo, nikamwona anapiga hatua moja kurudi, na moyoni nikasema haya, huyo anaenda.

Hakwenda. Aliiweka ile chupa chini, ukutani, akanyoosha mikono yote miwili. Ilikuwa imepasuka vibaya, chaki imekaa ndani ya nyufa.

"Basi nipake hapahapa," akasema. "Ya mkononi hakuna wa kuyatupa."

Bi Shahamu alijifuta mikono kwenye nguo, akachota mafuta, akamshika mwalimu kiganja, akaanza kumpaka kidole kimoja baada ya kingine, kwenye maungio, kati ya vidole, mpaka kwenye kiwiko, mbele ya barabara nzima. Kichwa nilichokuwa nakisuka kikageuka chenyewe kutazama. Ghorofani mapazia yalikuwa yanasogea. Niliona machozi yanamtoka Bi Shahamu na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

"Mama watoto," msimamizi akaita kutoka getini, kwa sauti ya chini ya mtu anayetazamwa. "Twende ndani."

"Nisubiri, baba watoto," mwalimu akasema. Akavuta kigoda cha Bi Shahamu, akakaa, akaanza kufungua viatu. "Bado miguu."