Shavu la Kulia la Fundi

Imetangazwa rasmi, na kubandikwa ukutani kwenye korido ya hospitali, kwamba tangu kuwasili kwa mashine ya kupiga picha za ubongo, hakuna mgonjwa atakayetibiwa kwa kubahatisha. Fundi wa nguo alilijua tangazo hilo kwa moyo, kwa kuwa benchi la wagonjwa wa meno linatazamana nalo.

Shavu lake la kulia lilikuwa likipigwa shoti. Akitafuna, shoti. Akinawa uso, shoti. Cherehani ilishashika vumbi, naye alishachoka hata kulalamika. Daktari wa meno, mtu wa mkono mwepesi, alisema ni jino, akaling'oa. Maumivu hayakuhama. Akasema basi ni lililo jirani nalo, nalo likang'olewa. Likafuata la tatu.

Alikuwa akisubiri la nne mlango ulipofunguliwa, upepo ukamgusa, akaruka. Daktari wa mishipa ya fahamu, aliyekuwa akipita, akasimama.

"Mama, jino haliogopi upepo wa shavuni."

Akamwandikia picha ya kichwa.

Kwenye mashine, mpiga picha akamuuliza kama ana chuma mwilini.

"Mwanangu, mimi fundi. Tangu usichana nabana pini kwa meno."

"Umewahi kumeza?"

Fundi akafikiri. "Nacheka sana kazini."

Mpiga picha akashusha pumzi. Mashine ile ni sumaku tupu, haitaniani na pini.

"Dada nawe!" mdogo wake aliyemsindikiza akafoka. "Si ungesema hapana tu?"

"Halafu pini itokee ubavuni, utanishona wewe? Wewe hata kifungo kinakushinda."

Akapelekwa kwanza eksirei. Tumbo halikuwa na pini. Ndipo akalazwa ndani ya lile bomba linalogonga kama karakana, akaambiwa asitikisike.

Daktari wa mishipa akamwonyesha picha: mshipa mdogo wa damu umeilalia neva ya hisia za uso, pale inapotokea kwenye ubongo.

"Kwa hiyo si jino?"

"Si jino, mama."

"Hata lile la kwanza?"

Daktari akaitazama picha tena. "Hata lile la kwanza."

Alipewa vidonge. Baada ya siku chache akanawa uso kwa mikono miwili, na cherehani ikaanza kulia tena. Pini siku hizi anazibana upande wa kushoto. Kulia hakuna cha kubania.