Alama ya Masizi

Bihambwe nzima ilijua kwamba Papa Nestor hakosei chuma. Ulimletea panga ao shoka, akalining'iniza kwa kamba bandani mwake, akaligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Likiwa zuri, alichovya gumba kwenye masizi, akalibandika mpinini. Sokoni watu walitafuta alama hiyo kabla ya kununua.

Lakini tangu bomu lilipoanguka nyuma ya kanisa, Nestor hakusikia tena sauti ndogo. Aliyesikia ni mke wake, Vestine, aliyevuta mivukuto ya banda hilo tangu alipoolewa. Aliketi pembeni akibambua maharagi. Chuma kikiimba, vidole vyake viliendelea. Kikiwa kibovu, vilisimama. Nestor alitazama vidole, na siri ilibaki kwao wawili.

Mchana mmoja pikipiki ilisimama mlangoni. Alishuka kumanda, mkuu wa vijana wenye bunduki wa mlimani, na kitu kirefu ndani ya kitenge.

“Papa Nestor! Wanasema njo weye unajua chuma. Angalia hii. Iko upanga ya Wajapani.”

Kweli ulipendeza. Ulipinda kama ubavu wa ng'ombe, mpini umesukwa kamba nyeusi, na kando ya makali ulipita mstari wa mawimbi, ule unaoachwa na moto na maji. Ao na mtu mwenye dawa ya kuchorea chuma, aliwaza Vestine.

“Nifungue mupini?” Nestor aliuliza.

“Hapana. Gonga tu.”

“Bien. Wenye kutumia macho wanauziwaka bati.”

Kumanda alicheka. Nestor alipogeuka kutafuta kamba, yule alisema kwa sauti ya chini, kama anaongea na upanga:

“Jérémie wa Buleusa njo alinipa hii, akabeba ng'ombe yangu. Tumemufunga. Nikirudi na kidole ya muzee ku mupini, anaenda kwake. Bila kidole, nitapima makali ku shingo yake.”

Nestor hakusikia. Vestine alisikia. Jérémie alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye Vestine alimlea mgongoni.

Nyundo ikagonga.

Ko.

Mlio wa sufuria iliyopasuka. Ndani ya mpini chuma kilikuwa kifupi, kimeungiwa kijiti chembamba. Pigo moja la nguvu lingekiachanisha.

Nestor akatazama. Vidole vya Vestine viliendelea kubambua.

“Iko ya kweli,” Nestor akasema, akabandika gumba lake.

Pikipiki ilipoondoka, Vestine alimsogelea mume wake sikioni, akamwambia yote.

“Na kidole yangu iko pale,” Nestor akasema.

“Iko pale. Akishamuachilia Jérémie, sisi tutakuwa mbali. Simama, tuende Walikale.”

“Siachi fuawe ya baba yangu.”

Akaanza kuichimbua ardhini, pale alipofulia chuma. Vestine alikuwa akifunga maharagi kwenye kitambaa aliposikia, chini kwenye mikaratusi, pikipiki ikizimwa. Kicheko. Halafu pigo moja la chuma kwenye mti, na kitu kikaanguka kikilia juu ya mawe.

Kicheko kikakatika.

“Nestor,” aliita.

Pikipiki iliwaka tena, ikaanza kupanda kilima. Nestor alikuwa ameinama, anachimba, hasikii kitu.