Muhula Tulioishi Bila Milango

Baba mdogo alisema kwamba siku Darasa la Tano likifunguliwa kwenye kilima chetu, yeye atalala bila mlango. Alilisema hilo akiwa amesimama mbele ya kamati nzima ya shule, na wajumbe wakacheka hata mmoja akajimwagia uji. Mwingine akaongeza kwamba nisingeweza kuwaletea hata choo cha pili. Wa tatu akauliza kama ile diploma yangu inaliwa na chumvi au bila chumvi.

Nawasamehe wote. Hawakujua walikuwa wakisema na nani.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza na diploma ya usimamizi wa elimu, koti la sufu na viatu viwili vya ngozi, vyote vya mguu wangu. Nilijisomesha mwenyewe. Nilichuma pareto, nikauza ndizi Magwagwa, na huko ng'ambo nikaosha sahani za watu ambao hawakuwa wamesoma kama mimi. Sikusaidiwa na mtu yeyote, isipokuwa mama yangu, wajomba wawili, kanisa, na ng'ombe mmoja aliyeuzwa. Niliporudi, kamati ikanifanya katibu siku hiyohiyo, kwa sababu katibu wa zamani alikuwa amechoka kutukanwa.

Shule yetu iliendeshwa hivi. Wilaya ilileta walimu. Wazazi walileta kuta na paa. Makanisa mawili yalileta ubishi. Mwenyekiti alikuwa Mkatoliki na mweka hazina alikuwa Msabato, kwa hiyo mkutano ulifunguliwa kwa sala mbili, na kila upande ulijitahidi sala yake iwe ndefu kuliko ya wenzao. Jumamosi hatukuweza kukutana kwa sababu ya hawa, Jumapili kwa sababu ya wale, na siku ya soko la Marani kwa sababu ya wote. Ukitoa na siku za kupeleka majani chai, kamati ilibaki na Jumatano alasiri, ikiwa mvua haikunyesha. Na kwetu mvua hunyesha alasiri.

Shule iliishia Darasa la Nne. Aliyetaka la tano alivuka mto kwenda shule ya kilima cha pili, na mvua zikija, mto ulibeba daraja la magogo ukaondoka nalo. Wavulana waliogelea. Wasichana walibaki nyumbani wakachuma chai. Mwaka huo, kitindamimba wa baba mdogo, msichana aliyekuwa wa kwanza darasani tangu alipojua kushika kalamu, alikuwa anamaliza la nne. Baba yake alikuwa amekwisha kumnunulia kikapu cha kuchumia chai. Kilikuwa kizuri sana. Msichana alikitazama kama mtu anavyotazama mbuzi wa jirani akiwa ndani ya shamba lake.

Basi nikaanza kazi. Tulifanya harambee, na kwa ufundi wangu jogoo mmoja aliuzwa, akarudishwa na aliyemnunua, akauzwa tena, akarudishwa tena, mpaka akapata mabati ya paa lote la darasa jipya. Jioni jogoo yule alikuwa amechoka kuliko mimi. Nikamwandikia afisa wa elimu kwa Kiingereza cha hali ya juu, naye akajibu kwamba angekuja Jumanne kulikagua darasa. Akaongeza kwamba darasa lisilo na madawati yeye huliita zizi.

Madawati hatukuwa nayo. Mbao zilikuwa mjini Kisii kwa Mhindi muuza vifaa, na jogoo hakuwa na nguvu ya kuuzwa tena. Kamati ikanikodolea macho. Mwenyekiti akasema, "Katibu, ng'ambo hukukuta njia ya kupata dawati bila mbao?"

Hapo ndipo maneno ya baba mdogo yaliponijia kichwani. Kulala bila mlango! Mlango ni nini, kama si ubao mpana ambao fundi amekwisha kuupiga randa? Ulaze juu ya matofali, weka gogo la kukalia nyuma yake, na watoto watano wanaandika juu yake kwa raha. Kila nyumba kilimani ilikuwa na mmoja, mingine miwili. Hakuna chuo kilichonifundisha jambo hilo. Lilitoka kwangu lenyewe.

Nilizunguka nyumba hadi nyumba nikiomba kuazimwa mlango kwa siku moja tu. Nilianza kwa baba mdogo.

"Baba mdogo, ulisema utalala bila mlango."

"Nilisema darasa likifunguliwa."

"Bila mlango wako halitafunguliwa."

Akafikiri. "Kwa hiyo nikikupa nimeshindwa, na nisipokupa nimeogopa kushindwa."

"Ndiyo, baba."

"Hayo ndiyo mliyofundishwa kwa wazungu?" Lakini binti yake alikuwa amesimama nyuma yake na bisibisi mkononi. Mlango ukatoka.

Jumanne tukapanga. Wazazi wa Kisabato walitaka watoto wao wakae kwenye milango ya Kisabato, na Wakatoliki vivyo hivyo, nikawatenganisha kwa mstari wa chaki. Afisa alifika kwa Land Rover, mtu mnene mwenye miwani, na watoto wakasimama kumwamkia. Akapita kati ya madawati polepole. Akainama. Akagusa chuma kilichokuwa kinaning'inia pembeni.

"Bwana katibu, dawati hili lina bawaba."

"Ni la kisasa, bwana afisa. Ng'ambo yapo ya namna hiyo, hufunguka."

Akasogea kwa lililofuata. Hilo lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu MBWA MKALI, na watoto watano walikuwa wameketi nyuma yake kwa adabu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akamgeukia binti wa baba mdogo, akamwuliza kilima chetu kinahitaji Darasa la Tano kwa nini, nacho kina chai nzuri namna hii.

Msichana akajibu, "Bwana, chai haiendi popote. Mto ndio huenda, na daraja."

Afisa akacheka hata tumbo likatikisika. Akatoka nje, akasema nami kando.

"Nimekuja kwa barabara ya juu," alisema. "Leo nimeona vitanda vya watu wengi sana. Sikiliza. Nitalifungua darasa kwa muhula mmoja wa majaribio. Nitarudi bila kuwaambia. Nikikuta mtoto mmoja anaandikia magotini, nalifunga, na halifunguliwi tena mimi nikiwa hai."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilibebwa juu juu, na haikuwa kazi rahisi, kwa maana koti lilikuwa zito. Nikiwa huko juu ndipo nilipoelewa, kabla ya wote, kwamba milango haiwezi kurudi. Afisa angeweza kuja kesho. Angeweza kuja siku yoyote.

Niliwaambia jioni hiyo. Vigelegele viliisha.

"Tulikuazima mlango," akasema mama mmoja, "hatukuuoza!"

Asiyekuwa Mkisii atasema mlango ni wa kuzuia mwizi na baridi. Kwetu wakati ule mwizi hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa heshima, ile tunayoiita chinsoni. Baba haingii nyumbani kwa mwanawe aliyeoa, wala hachungulii ndani. Mkwe na mkwe hawaonani ovyo. Kilima kizima kilikuwa kimejengwa hivyo, nyumba ya mzee juu na za wanawe chini, zote zikiuelekea mteremko, na kilichowawezesha watu kuishi bila kuaibishana kilikuwa milango. Sasa milango yote ilikuwa shuleni inafundishwa hesabu za kugawanya.

Wake wa vijana wakatundika majani ya migomba. Mbuzi wakayala. Wakatundika mikeka, upepo ukaiinua hasa pale mzee alipokuwa anapita. Mablanketi yalihitajika vitandani. Mwishowe wazee wakagundua mwavuli. Kila mzee aliyetaka kwenda barabarani alifungua mwavuli, akaushika ubavuni upande wa nyumba za wanawe, akatembea kimshazari huku akikohoa kwa sauti ili kila aliyemo ndani ajue. Asubuhi, jua likiwa limewaka, ungeona miavuli myeusi inateremka kilima ikikohoa. Mhindi wa mjini alinishika mkono nilipopita dukani kwake.

"Bwana, huko kwenu mvua gani hii? Miavuli yote imekwisha. Hapa kwangu kavu kabisa!"

Nikamwambia ni maendeleo. Biashara ya mjini ilipanda kwa sababu yangu, na sijawahi kushukuriwa.

Baba mdogo ndiye aliyeteseka zaidi, kwa kuwa wanawe watatu walikuwa wameoa na nyumba zao zilizunguka njia yake pande zote mbili. Alihitaji miavuli miwili. Akionekana nayo, mmoja kila upande, kichwa katikati, watoto walikuwa wakisema kobe anapita. Siku moja mwavuli ulijipindua kwa upepo, akajitupa ndani ya chai kifudifudi badala ya kutazama, akalala humo mpaka mkaza mwanawe alipokwenda kuteka maji. Alikuja kwangu na majani masharubuni.

"Mwanangu," alisema, "nataka mlango wangu."

"Baba mdogo, nikiutoa mmoja, wote watataka. Darasa litafungwa."

"Na mimi nife chaini?"

"Binti yako je?"

Kutoka pale tuliposimama tulisikia darasa likiimba majina ya mito ya Kenya, na sauti ya kitindamimba wake ikiwa mbele ya wenzake kwa mto mmoja. Akageuka, akainyooshea fimbo mikaratusi yangu.

Sina budi kuieleza mikaratusi ile. Baba yangu aliipanda kabla hajafa, nami nilikuwa nimeitunza kwa nyumba yangu. Nyumba ya mtu aliyerudi kutoka ng'ambo haiwezi kuwa ya nyasi. Ramani nilikwisha kuichora: vyumba vinne, veranda, na ukuta maalumu wa kutundikia diploma. Kilima chote kilijua.

"Miti hii hapa," akasema baba mdogo. "Msumeno uko Kebirigo. Diploma iko ndani ya sanduku lako. Kilichobaki ni wewe kulala nyumba ya nyasi mwaka mwingine, kama sisi tunavyolala bila milango."

Sikulala vizuri usiku huo. Asubuhi nikaiangusha yote. Nasema yote, maana wengine hapa hupenda kusimulia kwamba nilibakiza mmoja. Ule ulikuwa wa jirani.

Kupasua mbao kwa msumeno wa shimoni kunataka watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja chini shimoni, naye wa chini ndiye hula unga wa mbao. Wakatoliki hawakukubali kuwa chini ya Wasabato, wala Wasabato chini ya Wakatoliki. Nikatoa uamuzi: zamu hubadilika kila gogo likiisha. Jumamosi walipasua Wakatoliki wenyewe kwa wenyewe, Jumapili Wasabato, na hivyo msumeno haukupumzika hata siku moja. Dini mbili ni mali, ukijua kuzisimamia. Mpaka leo sijaona shule iliyopata madawati upesi hivyo.

Afisa alitokea ghafla kama alivyoahidi, mvua ikinyesha. Alikuta madawati ya mkaratusi, la mwisho likiwa limemalizika asubuhi hiyo, yenye harufu ya miti mibichi na utomvu ulioshika kaptura za wavulana. Alijaribu kuliinua moja, likawa zito. Alitafuta bawaba. Hakuona. Akaandika barua pale pale juu ya dawati, akaipiga mhuri, na Darasa la Tano likawa letu moja kwa moja. Alipokuwa anaingia garini aliuliza kwa nini mzee mmoja alikuwa amesimama uwanjani na miavuli miwili.

"Mvua, bwana afisa," nikasema.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Niliapa kwamba kila aliyeniazima awe na mlango wake kabla jua halijazama, Wasabato wasije wakaanza Sabato yao wazi. Niliibeba mwenyewe mgongoni, mmoja baada ya mwingine, bila koti. Ilikuwa na wino, majedwali ya kuzidisha, na juu ya MBWA MKALI mtu alikuwa ameongeza kwa chaki NA MWENYE MBWA. Mingine ilikuwa imevimba kwa unyevu, nikaisugua mpaka ikaingia. Nyuma yangu, nyumba kwa nyumba, nilianza kuisikia ikifungwa: pa! Kisha ikifunguliwa na kufungwa tena bila sababu yoyote, kwa utamu tu. Pa! Pa!

Wa mwisho ulikuwa wa baba mdogo. Kwenye kona ya nyumba kuku alikuwa analalia mayai ndani ya kikapu kile cha chai. Binti yake alishika bisibisi, akakaza bawaba. Baba mdogo akauzungusha mlango, akausikiliza, akaipapasa ile hesabu ya kugawanya iliyoandikwa katikati yake.

"Umeshindwa, baba mdogo," nikamwambia. "Nimeleta darasa, na nimerudisha kila mlango."

"Kweli," akasema. "Ingia ndani tunywe chai."

Nilipoinua mguu, akaufunga mlango mbele ya pua yangu.

"Baba mdogo!"

"Piga hodi kwanza," akasema kutoka ndani. "Nyumba hii ina mlango."