Zulma Akataa Nguo Nyeusi

Ferdinan alipokufa kwa kuangukiwa na mti, mama yake, Ofelia, alimletea mkwewe Zulma magauni mawili meusi. Pale kisiwani La Digue mjane alivaa nyeusi mwaka mzima. Zulma akavaa. Lakini kwa joto la kisiwa kile, nguo ilimchoma mgongo kila alipofua penye kinamasi nyuma ya nyumba.

Juu ya maji yale, kwenye ncha ya tawi jembamba la mkungu, ndege wawili walikuwa wamejenga kiota kidogo kama kikombe. Mmoja alikuwa mweusi tii, mwenye mkia mrefu kama utepe. Huyo ndiye waliyemwita vev, yaani mjane, kwa ajili ya weusi wake. Wa pili alikuwa na mgongo wa rangi ya kutu na tumbo jeupe, kichwa tu ndicho cheusi. Watu walisema huyo ni ndege mwingine kabisa. Zulma alifua huku macho yakiwa juu. Alimwona mweusi akimpanda mwenzake. Kisha, yai lilipotagwa, akawaona wakipokezana kulilalia, mmoja akitulia, mwingine akinasa wadudu majanini. Alicheka mpaka sabuni ikamponyoka.

Jumapili akavaa gauni lake la rangi ya kutu. Ofelia akamkuta mlangoni.

"We Zulma! Na rangi hizo unakwenda wapi?"

"Kanisani, mama."

"Hata ndege anajua kuomboleza, wewe unashindwa?"

"Ndege yupi? Yule mweusi ni dume! Jike lake limevaa kama mimi. Njoo ulione."

Ofelia alikataa, kisha udadisi ukamshinda. Akasimama kinamasini, akatazama weee, akasonya.

"Haya, ni dume. Lakini wewe si ndege."

"Wala sikumwomba ndege ruhusa. Ferdinan nilimpenda, na bado namlilia. Nyeusi ndiyo sivai tena."

"Watu watakusema."

"Waje wafue wao na jua hili!"

Walimsema kweli. Zulma akapita katikati ya kanisa, akakaa benchi la mbele, akaimba kuliko wote. Ofelia, ndani ya weusi wake, hakuimba pamoja naye. Ila jirani mmoja alipoanza kunong'ona, yeye ndiye aliyemgeukia.

"Nyamaza wewe, tuko kwenye misa."