Kisu Chepesi cha Mzee Theuri

Siku niliyoshika kisu hiki kwa mara ya kwanza naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikidharau. Nilikuwa nimesimama uwanjani kwa akina mama yako, karibu na Karatina, nimevaa koti la kuazima, na jasho lilinitiririka mgongoni ingawa mlima ulikuwa umetuletea baridi kali asubuhi hiyo.

Ilikuwa ngurario yetu. Unajua mwenyewe, kwetu ndoa haijakamilika mpaka mwanamume akate bega la mbuzi mbele ya wazee wa pande zote mbili, alitenganishe kwenye kiungo, kisha amlishe bibi arusi. Mimi nilikuja na kisu cha bucha, kirefu na kizito, maana nilitaka wakwe waone kwamba mwanamume amefika. Nikakishusha kwa nguvu. Kikaingia kwenye mfupa, kikanasa. Nikavuta, hakikutoka. Nikavuta tena, sinia lote likainuka nacho.

Wamama wa upande wao wakaanza.

"Wee kijana, unakata bega ama unapasua kuni?"

"Nyawira, rudi ndani! Huyu atakulaza njaa!"

Watu walicheka, nami nikacheka kidogo. Baba yake hakucheka. Alinitazama tu, na nilijua akisema turudi siku nyingine, tutarudi kweli.

Hapo ndipo mjomba wa mama yako, Mzee Theuri, aliponisogelea, akanisaidia kukichomoa kile kisu cha bucha. Alikuwa mpagazi, mtu aliyewabebea wageni mizigo huko mlimani kwa miaka mingi. Akatoa kitu kwenye mfuko wa shati na kukiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa chepesi hata nikadhani amenipa mpini mtupu. Cheusi, chembamba, kifupi kuliko kalamu.

"Ati hiyo ni kisu?" mama mmoja akauliza. "Si hiyo ni ya kukata kucha!"

Nami niliwaza hivyo hivyo. Mzee Theuri akanigeukia. Aliniambia mimi, polepole, "Kijana, huko juu kila kitu unabeba na mgongo yako. Kisu ya kuonyesha watu siwezi beba. Fungua."

Nikausukuma ubapa kwa kidole gumba. Ukafunguka bila kubishana, ukalia tak, ukakaa. Nikautikisa, haukucheza hata kidogo. Nikaanza kukiangalia kisu kwa jicho lingine.

"Sasa tafuta kiungo na kidole kwanza," akasema mzee.

Sikukiona, mikono ilikuwa inatetemeka. Mama yako, aliyekuwa ameshika lile bega upande wa pili, akakisogeza kidole changu kidogo. "Hapa," akaninong'oneza. "Usikimbie."

Ncha ikaingia pale pale. Bega likaachana bila kelele, na wale wale walionicheka wakapiga vigelegele.

Nilipomrudishia mzee kisu chake, alikataa. "Kaa nayo," akasema. "Mimi magoti imenistaafisha."

Tangu hapo kimekuwa mfukoni mwangu. Ni chepesi kiasi kwamba mara nyingi nimejipapasa nikidhani nimekipoteza. Kimekata kamba za magunia ya kabeji, kimemenya machungwa yenu mkiwa wadogo, kimechonga penseli zenu za shule. Sitakudanganya: mfupa hakipasui. Ncha ilimeguka kidogo nilipofungulia kopo la rangi, kazi ambayo si yake. Mchanga ukiingia kwenye bawaba kinakuwa kigumu, basi ukioshe, ukikaushe, ukipe tone la mafuta. Na ukikifunga, angalia vidole. Hili kovu langu si la vita.

Mama yako alipougua na chakula kikawa hakipiti, nilimkatia papai kwa kisu hiki, vipande vyembamba hadi mwanga ulionekana upande wa pili. Siku moja akaniuliza, "Ni ile ya mjomba?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi usikimbie," akasema, akacheka.

Tangu tumzike sijakata papai.

Sasa Jumamosi unakwenda kwa wakwe zako kwa ngurario yako, mwanangu. Nimekiona kile kisu ulichonunua, kikubwa, chenye majina yenu mawili kwenye mpini. Ni kizuri, nasema kweli. Kiwekwe mezani kipigwe picha. Lakini mfukoni weka hiki.

Ukifika kwenye bega, usianze na nguvu. Weka kidole kwanza, utafute kiungo. Usipokipata, mwache msichana akuonyeshe, hata kama wazee wote wanatazama, na usione haya. Mkiwa nyumbani kwenu fanya vivyo hivyo. Neno likikwama kati yenu, usivute mpaka sinia liinuke. Tulia, mwulize limekwama wapi. Na mtu akikupa kitu kidogo, kishike kwanza, ukitumie, ndipo useme ni kitu gani. Mimi ilibaki kidogo tu nikirudishe hiki bila kukifungua.

Mungu akupe mkono usiotetemeka. Ukitetemeka, akuachie wa kukusogezea kidole, na akuachie yeye kwa miaka mingi kuliko niliyopewa mimi.