Wimbo wa Wabeba Magunia

Siku ya kwanza redioni Tunduma nilikabidhiwa matangazo ya vifo. Nilikuwa nimevaa gauni jipya nikidhani nitasoma habari, kana kwamba redioni kuna anayeliona gauni. Nikayasoma mbiombio nimalize. Meneja wa Vipindi, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, akaniita pembeni.

“Marehemu hana haraka, binti. Wewe unakimbilia wapi? Kuna mtu huko Ibaba amekaa na kalamu, anataka kujua mazishi ni saa ngapi.”

Tangu hapo nilisoma polepole. Baadaye nilipelekwa Mkwajuni kuripoti habari za wachimbaji wa dhahabu, nikala vumbi la bodaboda miaka kadhaa, kisha nikarudishwa Tunduma kuwa mtayarishaji wa vipindi. Mtayarishaji ndiye anayerekodi sauti za watu, akazikata na kuziunga, hadi ninyi mkasikia kitu kimoja kilichonyooka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukata.

Mwaka aliofariki yule mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, mtoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani, niliomba kuandaa makala ya maisha yake. Jina sitaji, wa rika langu mnamjua, na ninyi vijana waulizeni wazee wenu. Nilimpenda kwa sababu hakuridhika na makofi. Alihangaika kuwatoa mahabusu waandamanaji waliodai haki za watu weusi, akawasemea Waafrika Kusini walipokuwa wakikandamizwa. Wimbo wake uliovuma sana ulikuwa wa wapakiaji wa ndizi waliochoka, wanaotaka kwenda nyumbani, na watu waliucheza hata harusini.

Nikataka na wapakiaji wetu waingie. Kwenye ghala moja karibu na mpaka nikamkuta Simbeye, kiongozi wa wabeba magunia ya mahindi. Walikuwa na wimbo wao wa Kinamwanga wa kupandishia magunia kwenye malori. Aliuimba vizuri, kisha akaomba aseme neno.

“Dada, huu tulimtungia mwenzetu. Magunia yalimwangukia akafa. Mwenye ghala anatuamuru tuyapange mpaka yaguse bati, na tukisema, anatuonyesha wanaotafuta kazi hapo getini. Ukilitoa hili redioni ataona aibu, atapunguza. Na mimi nafanya kazi chini ya magunia hayohayo.”

Nilimwahidi.

Mhariri Mkuu alisikiliza makala akitikisa kichwa kwa furaha, mpaka alipofika hapo. “Mwenye ghala ni mdhamini wetu, mama. Wimbo uache, mtamu huo. Maneno toa.”

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, nikaogopa. Nilikata. Na katika makala hiyohiyo nililaumu, kwa sauti yangu nzuri, watu waliocheza wimbo wa wachovu bila kuuliza wamechoshwa na nini. Nilijiona msomi kwelikweli.

Wimbo wa Simbeye ulipendwa hata Mhariri akaufanya kionjo, yaani kipande kifupi cha muziki kinachotangulia kipindi. Ukawa unapigwa kabla ya matangazo ya asubuhi, ya vifo yakiwemo. Simbeye alinipigia simu mara moja tu.

“Dada, yale mengine yanatoka lini?”

Nikamjibu wiki ijayo.

Magunia yaliporomoka tena kabla mvua hazijaanza. Karatasi ya tangazo la kifo aliileta mke wa Simbeye, nami nikaomba kuisoma. Kionjo kikapigwa, Simbeye akaimba, kisha nikatangaza kwamba Simbeye amefariki. Nilisoma polepole, kama nilivyofundishwa.

Nilipotoka nilimkuta mkewe bado yuko mlangoni.

“Dada, aliniambia amekueleza yote. Mbona mlimwacha aimbe tu?”

Nilirudi ndani kuyatafuta yale maneno kwenye kompyuta, nikakumbuka niliyafuta mwenyewe siku ileile, kama tulivyozoea, kupata nafasi ya vipindi vingine.

Sasa nimestaafu, nina shamba langu la kahawa Mbozi. Watangazaji vijana huja kuniuliza namna ya kupanga pumzi, nami nawafundisha, kisha nawasihi watunze wanachokikata. Wananiitikia kwa heshima. Sijui kama wanafanya.

Kionjo kile bado kinapigwa kila asubuhi. Majirani hukiimba wakichuma kahawa, wanasema kinawachangamsha. Mimi huinuka nikazima redio, kwa hiyo siku hizi habari za misiba nazipata kwa watu.