Ramani ya Meli na Mtungi wa Pombe

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwanamaji, mimi msichana wa Heru Juu niliyekulia kwenye mihogo na maharage. Meli yetu ya jeshi ilikuwa imefungiwa ramani ya kielektroniki: kompyuta inayoonyesha kina cha maji na miamba, na meli yenyewe ikisogea juu yake kama alama ndogo. Ukikaribia mwamba, inapiga kelele. Nafasi ya kwenda kusomea mtambo huo ilikuwa moja, na niliipata mimi. Nikapewa likizo fupi kabla ya kozi, nikapanda basi hadi Kasulu, furaha imenijaa, nataka wazazi waisikie kutoka kinywani mwangu.

Sebuleni kwetu Heru Juu nikakuta mtungi wa pombe ya ndizi.

Kwetu mtungi wa namna ile ni posa. Ukinywewa, binti ametolewa. Ukikataliwa, wajomba huurudisha umejaa, kwa maneno ya taratibu, na binti mwenyewe haonekani kabisa. Aliyeuleta alikuwa mfanyabiashara wa maharage, mtu mzuri tu, ila alishasema mke wake hatakuwa mwanajeshi. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameshaandaa mirija ya kunywea.

"Mwana wanje, mwanangu, kazi gani hiyo ya kwenda kuangalia televisheni majini?" aliniuliza nilipowaeleza habari ya kozi. "Televisheni hata mjini Kasulu zipo."

Baba alikuwa anawangoja wajomba waje kesho yake wanywe. Kungoja kwake kuliniuma kuliko maneno ya shangazi.

Nilikasirika, na sikuona kwa nini nifiche. Nikakunja kanga nikatengeneza ngata, nikajitwika mtungi. Shangazi akasimama mlangoni.

"Shangazi, shikamoo. Nipishe."

Ilikuwa mchana kweupe. Waliokuwa wakilima wakasimamisha majembe: binti anarudisha posa yake mwenyewe! Shingo iliniuma, pombe ikanimwagikia begani nikanuka kama kilabu, lakini sikuutua hadi nilipofika kwa wazazi wa yule bwana, ng'ambo ya bonde. Mama yake alikuwa anaanika mihogo uani.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Nimejituma, mama." Nikautua taratibu miguuni pake, nikamuaga kwa heshima zote, nikaondoka.

Nilijua nyumbani kungewaka moto, na kuliwaka. Shangazi alilia, wajomba walipoitwa wakasema nimewavua nguo. Niliwasikiliza wote, sikuomba radhi hata kwa mmoja.

Asubuhi baba alichukua sanduku langu bila kuulizwa, akanisindikiza hadi stendi ya Kasulu. Kwenye mlango wa basi ndipo akaniuliza:

"Hiyo mashine yenu, nahodha akiipeleka meli kwenye mwamba, inafanyaje?"

"Inapiga kelele, baba, mpaka ageuze."

Akanikabidhi sanduku.

"Basi mimi nimegeuza," akasema.